CD4 imekwama na virusi havionekani: je, dawa imeshindwa?

"Asalaam aleikum daktari. Mimi ni mwanamke wa miaka 48, naishi Kisauni, asubuhi nauza mahamri na mbaazi. Nilianza ARV mwaka 2012 baada ya kuugua TB, CD4 yangu, zile seli za kinga ambazo virusi hushambulia, ikiwa 84. Tangu hapo sijaacha dawa, na mwaka 2020 nilibadilishiwa nikapewa hii ya kidonge kimoja. Kila nikipimwa wingi wa virusi naambiwa niko LDL, yaani virusi havionekani. Lakini CD4 haipandi. Ilifika mia mbili na sabini na kitu ikagoma. Kliniki wamesema hawanipimi CD4 tena, basi mwezi uliopita nikaenda maabara ya kulipia, nikiwa na mafua, ikatoka 231. Mwaka jana ilikuwa 274. Karatasi zote mbili nimezipiga picha nimekutumia. Shoga yangu tuliyeanza dawa mwaka mmoja ana 812. Kuna bwana Kongowea anauza dawa ya chupa ya kupandisha CD4, shilingi 4,500, anasema niache ARV mwezi mmoja mwili upumzike ndipo dawa yake ifanye kazi. Anauza pia vidonge vya kuongeza damu na nguvu. Je, kinga yangu imekufa? Nibadilishiwe dawa? Na mume wangu, ambaye hana virusi, nitamwambukiza kwa kuwa CD4 iko chini?"

Waaleikum salaam, dada yangu. Nianze na yale yasiyoweza kungoja. Usiache ARV, si kwa mwezi wala kwa wiki. Kinga yako haijakufa. Kwa maelezo uliyonipa dawa yako haijashindwa, na mumeo hayuko hatarini kwa sababu ya hiyo 231. Sasa tukae nikueleze kwa nini nasema hivyo, maana hofu yako ina chanzo na si haki kuifukuza kwa neno moja la "usijali".

Chanzo chenyewe ni namna ulivyoingia kwenye matibabu. Mwaka 2012, CD4 ndiyo iliyokuwa mlango. Hapa Kenya mtu asiye na dalili aliambiwa angoje mpaka ishuke chini ya 350 ndipo aanze dawa, kwa hiyo kila aliyeketi kwenye benchi la kliniki alijua namba yake kama anavyojua tarehe yake ya kuzaliwa. Mwaka 2015 utafiti mkubwa uitwao START ulionyesha kwamba wanaoanza dawa wakiwa bado na CD4 zaidi ya 500 wanapata maradhi machache kuliko wanaongoja. Shirika la Afya Duniani likabadilisha mwongozo mwaka huohuo, na Kenya ikafuata 2016: ukipatikana na virusi unaanza dawa, CD4 iwe ngapi. Mlango ukafunguliwa kwa wote. Lakini ninyi mlioanza zamani mlibaki na ile namba moyoni, na hakuna aliyewaketisha akawaeleza kuwa kazi yake imebadilika.

Ndiyo maana kliniki wameacha kukupima. Hawajakutupa. CD4 bado hupimwa mtu anapoanza matibabu, anaporudi baada ya kukatiza dawa, virusi vinapoanza kuonekana tena, au anapougua vibaya. Kwa anayemeza dawa vizuri na yuko LDL, kipimo kinachosema kama dawa inafanya kazi ni wingi wa virusi.

Hapa ndipo wengi wanapochanganya. Wingi wa virusi na CD4 ni vipimo vya vitu viwili tofauti. Kidonge chako kina dawa tatu ndani yake: tenofovir, lamivudine na dolutegravir. Mbili za kwanza huzuia kirusi kisijinakili kinapoingia kwenye seli, ya tatu hukizuia kisijipachike ndani ya vinasaba vya seli hiyo. Kazi yao inaishia hapo. Hakuna hata moja kati ya hizo tatu inayotengeneza seli za CD4. Zinaondoa adui, kisha mwili wenyewe unajijenga kwa nguvu ulizobaki nazo. LDL maana yake virusi katika damu viko chini ya kiwango ambacho mashine inaweza kuvihesabu, kwa kawaida chini ya 50 katika mililita moja. Miaka yote hii ya kuwa LDL ni kazi ya dawa na ni kazi yako wewe. Kuihukumu dawa kwa CD4 ni kuidai kazi isiyo yake.

Tuje kwenye karatasi zako, maana nilizisoma mstari kwa mstari. Wewe uliangalia namba kubwa iliyoandikwa kwa wino mzito: 274, kisha 231. Ukashtuka. Lakini juu yake kuna mistari miwili ambayo huenda hukuelezwa. Karatasi ya mwaka jana inasema limfosaiti zote, yaani aina ile ya seli nyeupe ambamo CD4 zimo, zilikuwa 1,305, na kati ya hizo CD4 ni asilimia 21. Piga hesabu utapata 274. Karatasi ya mwezi uliopita inasema limfosaiti zote ni 1,050, na CD4 ni asilimia 22. Piga hesabu utapata 231.

Umeliona? Sehemu ya CD4 haikushuka. Imetoka asilimia 21 ikawa 22. Kilichopungua ni limfosaiti zote kwa jumla siku ile, na ulikuwa na mafua. Ugonjwa mdogo wa siku tatu unatosha kabisa kufanya hivyo, kwa sababu seli hizi huhama kutoka kwenye damu kwenda zinakohitajika. Saa ya kutolewa damu nayo ina neno lake: asubuhi CD4 huwa chini kuliko jioni. Dawa za steroidi kama prednisolone huishusha, na mimba pia. Mtu yuleyule, asiye na mabadiliko yoyote mwilini, anaweza kupimwa mara mbili akapata tofauti ya asilimia 20 au 30. Wewe tofauti yako haifiki hata asilimia 16. Mimi nikiletewa karatasi hizi mbili nasema CD4 yako imesimama palepale. Haijashuka.

Na kuna jambo lingine linalonifanya nisiipe ile namba uzito mnaoipa. Limfosaiti zilizomo kwenye damu inayozunguka ni kama asilimia 2 tu ya zote mwilini. Nyingine ziko kwenye tezi za limfu, kwenye utumbo, kwenye wengu. Kupima CD4 ya damu ni kama kuwahesabu watu waliopanda feri moja ya Likoni halafu ukataka kujua Likoni nzima ina watu wangapi. Hesabu ya feri inakupa fununu, na ukiirudia mara nyingi utaona kama watu wanaongezeka au wanapungua. Haikupi zaidi ya hapo.

Sasa, kwa nini imekwama wakati ya shoga yako imefika 812? Sitakuficha: sababu kubwa ni ile 84. Kitu kinachotabiri zaidi CD4 ya mtu itafika wapi ni ilikuwa imeshuka kiasi gani kabla hajaanza dawa. Muulize shoga yako alianza na ngapi. Sitashangaa akikwambia alianza na mia tatu na zaidi.

Virusi vikikaa mwilini miaka mingi bila dawa vinaharibu hata pale seli zinapolelewa. Ndani ya tezi za limfu, zile zinazovimba shingoni na kwapani, kuna nyavu laini ambamo CD4 hukaa na kupata ishara za kuziweka hai. Uvimbe wa muda mrefu huacha makovu kwenye nyavu hizo, na kovu halirudi kuwa wavu. Utumbo nao hupoteza CD4 nyingi mapema kabisa baada ya maambukizi, ukuta wake unalegea, na vipande vya bakteria vinapenya kidogokidogo kuingia kwenye damu. Kinga inabaki imechemka kwa kiwango cha chini hata virusi vikiwa havionekani, na kinga iliyochemka huchosha seli zake yenyewe. Kisha kuna umri. CD4 mpya kabisa hutoka kwenye tezi ya thaimasi iliyo kifuani nyuma ya mfupa, na tezi hii husinyaa tangu ujanani. Ulipoanza dawa ulikuwa na miaka thelathini na kitu. Kijana wa miaka 18 angekuwa na thaimasi yenye nguvu kuliko yako. Ndiyo maana CD4 nyingi hupanda kwa kasi miezi ya kwanza, pale seli zilizokuwa zimenaswa kwenye tezi zinapoachiliwa, kisha mwendo unakuwa wa pole, na kwa wengine unasimama. Wako wengi kama wewe. Katika kliniki yoyote kubwa ya Mombasa utawakuta, ila hawasemi, kwa sababu kila mmoja anadhani ni yeye peke yake.

Umeniuliza kama ubadilishiwe dawa. Hapana. Kubadilisha ARV kwa mtu aliye LDL, kwa ajili tu ya kuisukuma CD4, hakujaonyesha faida, na kuongeza dawa ya nne pia hakujaonyesha. Nikueleze tukio moja ambalo nalirudia mara kwa mara kwa wagonjwa wangu. Kulikuwa na sindano ya interlukini-2, protini ambayo mwili wenyewe huitumia kuziamuru seli hizi zizaane. Ilipandisha CD4 kweli. Basi ikafanyiwa tafiti mbili kubwa, ESPRIT na SILCAAT, zenye watu zaidi ya 5,800 kwa jumla, wote wakimeza ARV. Nusu walipewa sindano juu ya ARV na nusu ARV peke yake. Matokeo yakatolewa 2009. Waliochomwa sindano walikuwa na CD4 nyingi kuliko wenzao. Lakini walipougua na kufa, waliugua na kufa sawa na wenzao. Namba ilipanda, ulinzi haukupanda. Mtu yeyote akikwambia ana kitu cha kupandisha CD4, hata angekuwa anasema kweli, hilo peke yake halitoshi.

Haki inanitaka niseme na upande wa pili. Simaanishi kwamba 231 ni sawasawa na 812. Mtu mzima asiye na virusi kwa kawaida huwa na kati ya 500 na 1,500. Anayebaki chini ya 350 miaka mingi ana hatari iliyo juu kidogo ya maradhi, na akiwa chini ya 200 hatari huongezeka zaidi hata akiwa LDL. Kinachobadilika ni aina ya maradhi. Virusi vikiwa vimedhibitiwa, mengi ya yale yaliyokuwa yakiua watu zamani yanakaa mbali, ingawa TB inabaki ya kuangaliwa, hasa kwako uliyewahi kuiugua. Yanayostahili macho zaidi ni moyo, presha, sukari, figo, na saratani ya mlango wa kizazi. Ile kinga iliyochemka niliyokutajia huchangia mishipa ya damu kuziba mapema.

Najua maabara za kulipia zinauza vifurushi vya vipimo vya kinga: uwiano wa CD4 na CD8 (seli nyingine za kinga), D-dimer ya kuganda kwa damu, CRP ya uvimbe mwilini na kadhalika. Uwiano wa CD4 na CD8 una maana, na kwa watu wengi wenye virusi hubaki chini ya 1 miaka mingi. D-dimer na interlukini-6, ambayo nayo ni alama ya uvimbe, zimesaidia sana watafiti kuelewa nani huugua. Lakini hakuna matibabu yatakayobadilishwa kwako kwa sababu ya namba hizo. Pesa zako ni za mahamri, umezitafuta kwa moto na jasho. Zitumie kupima presha, sukari, mafuta ya damu na kreatinini ya figo. Uliza pia kuhusu dawa za kundi la statini, zile za kupunguza mafuta ya damu: mwaka 2023 utafiti wa REPRIEVE, uliofanywa kwa watu wa miaka 40 hadi 75 wanaomeza ARV, ulionyesha kuwa mojawapo, pitavastatin, ilipunguza mashambulizi ya moyo na kiharusi kwa kiasi cha theluthi moja. Kama inakufaa wewe ataamua daktari atakayekupima uso kwa uso.

Nije kwa bwana wa Kongowea, na hapa sitapindisha maneno. Ushauri wa kupumzisha mwili umeshafanyiwa utafiti, tena kwa watu zaidi ya 5,400. Unaitwa SMART, na matokeo yake yalichapishwa 2006. Kundi moja lilimeza dawa mfululizo. Lingine liliruhusiwa kuacha CD4 ikiwa juu ya 350 na kurudi ikishuka chini ya 250. Ulisimamishwa mapema kwa sababu walioacha waliugua maradhi nyemelezi au kufa mara mbili na nusu zaidi ya wenzao, na matatizo ya moyo, figo na ini nayo yaliongezeka. Hao walikuwa na CD4 kubwa kuliko yako, na madaktari wakiwaangalia. Wewe ukiacha, virusi vitarudi ndani ya wiki chache na vitaanza na zile 231 ulizobakiwa nazo. Tena tenofovir na lamivudine hutuliza pia homa ya ini aina ya B. Mwenye homa hiyo akiacha ghafla, ini linaweza kuvimba vibaya, na watu wengi hawajui kama wanayo.

Kuhusu vilivyomo ndani ya chupa, siwezi kukwambia, na yeye pia huenda hawezi. Habasoda kwenye asali, mlonge kwenye mboga, hivyo ni vyakula, kula kwa raha zako. Chupa isiyo na maandishi ni jambo jingine, kwa ini na kwa figo. Vidonge vya kuongeza damu na nguvu navyo vina mtego ambao wengi hawaambiwi: madini ya chuma, kalsiamu, zinki na magnesiamu hushikana na dolutegravir tumboni, sehemu kubwa ya dawa ikapita bila kuingia mwilini. Dawa za kiungulia zenye magnesiamu, alumini au kalsiamu ni vivyo hivyo. Ukilazimika kuvitumia, meza ARV ikiwa zimebaki saa mbili uvimeze, au zikiwa zimepita saa sita tangu uvimeze. Basi mtu ananunua kitu cha kupandisha kinga, na kitu hichohicho kinaidhoofisha dawa inayomlinda.

Mumeo. Anayeambukiza ni virusi, na CD4 haihusiki kabisa. Tafiti za PARTNER, zilizotolewa 2016 na 2019, ziliwafuatilia wenzi ambao mmoja ana virusi na amevidhibiti kwa dawa, wakikutana bila kondomu. Hakupatikana hata mmoja aliyeambukizwa na mwenzi wake aliyedhibiti virusi. Ukiendelea kuwa LDL, humwambukizi kwa tendo la ndoa, CD4 iwe 231 au 812. Yeye apime mara kwa mara kama kawaida, na kama mna wasiwasi nendeni pamoja mkaongee na mshauri. Moyo wake pia unahitaji kusikia hili kutoka kwa mtu mwingine zaidi yako.

Tarehe yako ya kliniki ikifika, usiseme tu "niko sawa, nipeni dawa". Mpe afisa wa kliniki karatasi zote mbili. Omba CD4 irudiwe baada ya miezi mitatu ukiwa huna mafua wala homa, na mwambie kwa nini unaomba. Ikirudi chini ya 200, kuna mambo ya kufanya: kuangalia kama unahitaji Septrin, dawa ya kuzuia maambukizi, kupimwa kuvu ya kriptokoka kwenye damu, na kukupima TB upya. Uliza kama ulishamaliza dawa za kuzuia TB. Waambie dawa zote nyingine unazotumia, hata za pumu au za maumivu. Uliza lini ulipimwa mara ya mwisho mlango wa kizazi. Mwanamke mwenye virusi yuko hatarini zaidi na kipimo chenyewe ni cha dakika chache. Na hakikisha matokeo ya wingi wa virusi unayotegemea si ya zamani. Kama yamepita mwaka, dai kipimo kabla ya jambo lingine lolote, kwa sababu maelezo yangu yote hapa yanasimama juu ya LDL.

Yako mambo ambayo hayangoji tarehe. Kikohozi, homa isiyokwisha, jasho la usiku la kulowesha shuka, au kanga unazofunga kuanza kukulegea kiunoni: nenda wiki hiyohiyo upimwe TB. Tezi zinazovimba na kuendelea kukua pia usizikalie. Kichwa kinachouma siku nyingi bila kutulia, hasa ukitapika au shingo ikikakamaa, macho kuona ukungu, pumzi kukukatika kwa kutembea kidogo, au macho kugeuka manjano, hayo ni ya siku hiyohiyo, hata kama ni usiku, na uende hospitali yenye wodi.

Ile chupa, kama hujainunua, acha. Kama umeshaanza kuinywa usione haya: ifunge vizuri, ibebe uende nayo kliniki, useme ulianza lini na kiasi gani, wakupime ini na figo. Na kama kuna siku ulizoruka ARV kwa ajili yake, zitaje siku hizo, na usiku wa leo meza kidonge chako kama kawaida.